Huduma za Usuli na Kasi ya Michezo ya Tarakilishi: Zipi Zizimwe, Zipi Ziachwe?

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya huduma za usuli katika tarakilishi, yanaeleza jinsi huduma hizo zinavyoshindania rasilimali na mchezo unaochezwa, na yanabainisha zile zinazoweza kuzimwa bila madhara. Hoja kuu ni kwamba kuzima huduma huongeza kasi pale tu ambapo huduma hiyo inatumia rasilimali ambayo mchezo unaikosa. Anayezima huduma kwa kufuata jina lake au orodha ya mtu mwingine, bila kujua kazi yake, hupoteza zaidi ya anachopata. Mifano imetolewa katika mfumo endeshi wa Windows kwa kuwa ndio unaotumiwa na wachezaji wengi wa michezo ya tarakilishi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mchezo unaoonekana kwenye skrini ya tarakilishi, uwe wa kandanda, wa mbio za magari au wa vita, hauelei peke yake. Nyuma yake mna makumi ya programu ndogo ndogo ambazo mchezaji hakuzifungua wala hazioni. Baadhi ya programu hizo ndizo zinazouwezesha mchezo kutoa sauti na kuwasiliana na mtandao. Nyingine hazina uhusiano wowote na mchezo, lakini hutumia rasilimali zile zile.

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu nchini Kenya hutegemea tarakilishi moja, na aghalabu si mpya. Tarakilishi hiyo hiyo huandikiwa insha na tasnifu mchana, na usiku ikageuzwa uwanja wa michezo. Mchezo unapoanza kukwamakwama, mwenye tarakilishi hutafuta dawa isiyogharimu fedha. Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuzima huduma za usuli, na hupokezanwa kwa njia ya orodha: zima hii, zima ile, kisha uwashe tarakilishi upya. Ni nadra orodha hizo kueleza kila huduma hufanya nini. Matokeo yake ni kwamba anayezifuata huweza kuamka asubuhi ya kuwasilisha tasnifu na kukuta tarakilishi haichapishi, haitoi sauti au haiunganiki na mtandao.

Suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, wao pia ni watumiaji wa tarakilishi. Pili, huduma hizi hutambulishwa kwa majina, na makosa mengi katika kuzizima hutokana na kusoma jina bila kujua kirejelewa chake. Mtu huona neno moja analolifahamu katika jina la huduma, akalipa maana ya kawaida, kisha akaihukumu huduma kwa maana hiyo. Hilo ni tatizo la semantiki kabla ya kuwa tatizo la mitambo.

2.0 Dhana ya Huduma ya Usuli

Huduma ya usuli ni programu isiyokuwa na dirisha la kuonekana. Huanzishwa na mfumo endeshi wenyewe, mara nyingi kabla ya mtumiaji kuingiza nywila yake, na huendelea kufanya kazi iwe mtumiaji yuko mbele ya skrini au hayuko. Mfano wake ni shughuli ya arusi. Waalikwa walio sebuleni huona pilau ikipakuliwa. Hawawaoni wateka maji, wapasua kuni na waosha vyombo walio uani. Hata hivyo, mteka maji akifukuzwa, pilau haipikiki.

Dhana hii haikuzaliwa na Windows. Mwaka 1963, watayarishaji programu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani walizipa programu za aina hii jina la daemoni. Kwa mujibu wa Fernando Corbató, aliyeongoza kazi hiyo, jina lilitokana na kiumbe wa kufikirika aliyebuniwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell katika karne ya 19, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga chembe za hewa bila kuchoka na bila kuonekana. Mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, ingali inalitumia jina hilo. Windows ilichagua neno huduma, na programu za aina hiyo zimekuwamo tangu Windows NT ilipotolewa mwaka 1993. Istilahi hizi mbili zinaelekeza fikra kwingine na kwingine. Daemoni inasisitiza kwamba kitu hakionekani. Huduma inasisitiza kwamba kuna mwingine anayehudumiwa. Msisitizo huu wa pili ndio unaofaa kukumbukwa na anayetaka kuzima: kila huduma ina anayeitegemea, na swali ni kama huyo anayeitegemea anahitajika.

Katika Windows, kila huduma huwekwa katika mojawapo ya hali nne. Ipo inayoanza yenyewe pindi tarakilishi inapowashwa. Ipo inayoanza yenyewe lakini hucheleweshwa kidogo ili uwashaji usilemewe. Ipo inayosubiri mpaka ihitajike. Hatimaye ipo iliyofungwa kabisa, ambayo haiwezi kuanza hata ikiitwa. Tofauti baina ya hali ya tatu na ya nne ni muhimu. Huduma inayosubiri kuitwa haitumii chochote ikiwa haijaitwa. Kuifunga hakuongezi kasi, bali huinyima programu nyingine msaada siku ya haja.

3.0 Jinsi Huduma Inavyoupunguzia Mchezo Kasi

Ili kuelewa madhara ya huduma kwa mchezo, ni sharti kuelewa kwanza namna mchezo unavyoonyeshwa. Mwendo unaoonekana kwenye skrini ni mfululizo wa picha tuli ziitwazo fremu. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde una takriban milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu. Ule unaoonyesha fremu 30 una milisekunde 33.3. Fremu moja ikichelewa, jicho la mchezaji huona mkwamo, hata kama zilizotangulia na zitakazofuata zitafika kwa wakati. Kwa hiyo huduma haihitaji kutumia nguvu nyingi ili iudhi. Inatosha iamke wakati mbaya. Kuna rasilimali nne zinazoweza kugombaniwa.

Rasilimali ya kwanza ni muda wa kichakataji. Mfumo endeshi hugawa muda huo kwa vipande vidogo vidogo na kuzipanga kazi kwa vipaumbele. Windows ina viwango 32 vya vipaumbele. Programu iliyo mbele ya mtumiaji hupendelewa. Hata hivyo, huduma inayokagua mafaili kutafuta virusi, au inayofungua masasisho makubwa, huweza kuchukua sehemu kubwa ya kichakataji kwa dakika kadhaa. Katika tarakilishi yenye viini viwili tu, hasara hiyo huonekana waziwazi. Katika yenye viini 8, huduma hupata kiini kisichokuwa na kazi na mchezo hauathiriki sana.

Rasilimali ya pili ni kumbukumbu ya muda. Kila huduma inayoendelea hushikilia sehemu ya kumbukumbu. Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huhamishia baadhi ya data kwenye diski na kuirejesha inapohitajika. Hapa ndipo penye balaa. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 ili kufikia data. Tofauti hiyo ni ya mara laki moja. Isitoshe, milisekunde 10 ni zaidi ya nusu ya muda wote wa fremu moja katika mchezo wa fremu 60.

Rasilimali ya tatu ni diski yenyewe. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosogea huku na huko kusoma data, na hakiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Huduma inayosoma mafaili ili kuyaorodhesha hukivuta upande mmoja. Mchezo unaopakia mandhari mapya hukivuta upande mwingine. Diski za kisasa zisizokuwa na sehemu inayozunguka hazina tatizo hili kwa kiwango hicho.

Rasilimali ya nne ni mtandao. Mchezo unaochezwa na watu walio mbalimbali hautumi data nyingi, lakini hutaka data hiyo ifike upesi. Huduma inayopakia picha na nyaraka kwenye hifadhi ya mbali, au inayopakua masasisho, huujaza mkondo. Ujumbe wa mchezo hulazimika kupanga foleni, na mchezaji huonekana kuchelewa kupiga mpira ilhali amekwisha kubonyeza kitufe.

Kutokana na maelezo haya, kanuni moja inajitokeza. Huduma huuathiri mchezo ikiwa inatumia rasilimali ambayo tayari ni haba. Penye wingi wa rasilimali hiyo, kuizima huduma hakuleti tofauti inayoonekana.

4.0 Chimbuko la Ushauri wa Kuzima Huduma

Ushauri wa kuzima huduma nyingi kwa pamoja ulienea zaidi katika enzi ya Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001. Wakati huo ushauri ulikuwa na mashiko. Microsoft ilitaja megabaiti 64 kuwa kima cha chini cha kumbukumbu na kupendekeza megabaiti 128. Tarakilishi nyingi za nyumbani zilikuwa na kichakataji chenye kiini kimoja. Vichakataji vya viini viwili kwa tarakilishi za mezani viliingia sokoni mwaka 2005. Kila huduma iliyoamka ilichukua muda kutoka kwa mchezo moja kwa moja, kwa kuwa hapakuwa na kiini kingine.

Hesabu ndogo hudhihirisha jambo hili. Chukulia kwamba kuna huduma 20, kila moja ikishikilia megabaiti 2. Jumla ni megabaiti 40. Katika tarakilishi yenye megabaiti 128, hiyo ni karibu thuluthi moja ya kumbukumbu yote. Sasa chukulia huduma 20, kila moja ikishikilia megabaiti 5, katika tarakilishi yenye gigabaiti 8. Jumla ni megabaiti 100, nayo ni asilimia 1 na kidogo tu. Idadi ya huduma ni ile ile, na uzito wa kila moja umeongezeka, lakini faida ya kuzizima imekaribia kutoweka.

Fauka ya hayo, mfumo endeshi wenyewe umebadilika. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, huduma nyingi huamshwa na tukio maalumu, mathalani kuchomekwa kwa kifaa, badala ya kukaa macho muda wote. Mwaka 2017, Windows 10 iliongezewa hali ya michezo, ambayo huzuia masasisho ya programu viendeshi na matangazo ya kuwasha upya wakati mchezo unaendelea. Mwaka huo huo, Windows ilianza kuzitenganisha huduma katika michakato mbalimbali kwenye tarakilishi zenye kumbukumbu inayozidi gigabaiti 3.5, ilhali hapo awali huduma kadhaa zilikaa katika mchakato mmoja. Kwa sababu hiyo, orodha ya michakato ilirefuka ghafla na kuwatia watumiaji wengi hofu. Wingi wa michakato, hata hivyo, si uzito. Mchakato uliolala hautumii kichakataji.

Hivyo basi, ushauri uliokuwa sahihi mwaka 2002 haufai kunukuliwa leo kana kwamba mambo hayajabadilika. Bado unaifaa tarakilishi yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na diski ya kuzunguka, na tarakilishi za namna hiyo zingalipo mikononi mwa wanafunzi. Lakini hata huko, kinachofaa ni kuchagua, si kufyeka.

5.0 Majina na Kazi za Huduma

Huduma za Windows zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuzingatia matokeo ya kuzizima.

5.1 Zinazoweza Kuzimwa kwa Masharti

Print Spooler ni huduma inayopanga foleni ya nyaraka zinazosubiri kuchapishwa. Asiyekuwa na printa anaweza kuizima. Lakini sharti ajue kwamba hata ile njia ya kugeuza waraka kuwa PDF kwa kuuchapisha hupitia humo, na itakoma.

Windows Search huyasoma mafaili na kuyaundia faharasa ili utafutaji uwe wa haraka. Faharasa ikiwa bado inaundwa, diski ya kuzunguka huelemewa. Ikizimwa, kutafuta faili huchukua muda mrefu zaidi. Mwanafunzi mwenye mamia ya nyaraka za utafiti atalihisi pengo hilo, na huenda ikamfaa zaidi kupunguza folda zinazowekwa kwenye faharasa kuliko kuifunga huduma nzima.

SysMain, ambayo awali iliitwa Superfetch, hutabiri programu zitakazotumiwa na kuzipakia mapema kwenye kumbukumbu. Wengi huizima kwa kuona kumbukumbu imejaa. Hiyo ni tafsiri isiyo sahihi, kwa kuwa kumbukumbu hiyo huachiliwa mara mchezo unapoihitaji. Katika baadhi ya tarakilishi zenye diski ya kuzunguka, hata hivyo, usomaji wake wa mapema hugongana na usomaji wa mchezo. Huduma hii haifai kuhukumiwa kwa nadharia pekee, ipimwe.

Kundi lenye faida kubwa zaidi, hata hivyo, si la Microsoft. Ni huduma na programu zilizoletwa na wengine: zinazotafuta masasisho ya programu moja moja, zinazolandanisha mafaili na hifadhi za mbali kama vile Dropbox na Google Drive, na zile za watengenezaji wa printa na vipakatalishi. Nyingi hujisajili zianze pamoja na tarakilishi bila ya mwenyewe kutanabahi. Kuzizuia zisianze zenyewe ni salama, maadamu mtumiaji anaweza kuzifungua kwa mkono anapozihitaji.

5.2 Zisizokuwa na Faida Kuzimwa

Huduma ya Fax hutajwa katika orodha nyingi za kuzimwa. Kwa kawaida husubiri kuitwa. Kwa kuwa haiitwi, haitumii chochote. Remote Registry, ambayo huruhusu mipangilio ya tarakilishi kubadilishwa kutoka mbali, tayari hufungwa katika matoleo ya nyumbani ya Windows 10. Anayeongeza huduma kama hizi katika orodha yake huirefusha orodha bila kuongeza hata fremu moja.

Huduma za Xbox nazo hudhaniwa kuwa ni za wenye mashine ya Xbox pekee. Kumbe baadhi ya michezo inayochezwa kwenye tarakilishi hutegemea huduma hizo kumtambua mchezaji na kuhifadhi hatua aliyofikia. Anayezifunga ili acheze vyema anaweza kushindwa kucheza kabisa.

5.3 Zisizofaa Kuguswa

Mfano bora wa jina linalopotosha ni Remote Procedure Call. Neno la kwanza katika jina hilo humaanisha "mbali", na wengi hulichukulia kuwa ishara ya mlango wa wageni. Kwa kweli, huduma hiyo ndiyo njia ambayo programu zilizomo ndani ya tarakilishi moja huitana, na huduma nyingine nyingi haziwezi kuanza bila hiyo. Katika Windows XP iliwezekana kuifunga, na waliofanya hivyo walijikuta hata hawawezi kuifungua tena kwa njia ya kawaida. Katika matoleo ya baadaye, Microsoft iliondoa uwezo wa kuibadilisha kupitia dirisha la huduma.

DHCP Client ni herufi tu kwa asiyeijua, lakini ndiyo inayoiombea tarakilishi anwani ya mtandao. Ikizimwa, tarakilishi nyingi hukosa intaneti. Windows Audio hubeba sauti yote. Task Scheduler na Windows Event Log hutegemewa na sehemu nyingi za mfumo. Zaidi ya hayo, michezo mingi ya ushindani huja na huduma zake za kuzuia udanganyifu. VALORANT, uliotolewa na Riot Games mwaka 2020, haukubali kuchezwa ikiwa huduma yake iitwayo Vanguard haifanyi kazi. Katika hali hiyo, huduma ya usuli si mpinzani wa mchezo. Ni sehemu ya mchezo.

6.0 Kasi na Usalama

Huduma inayolaumiwa kuliko zote ni ile ya masasisho, yaani Windows Update. Hupakua mafaili makubwa, hutumia diski, na kwa mwanafunzi anayeunganisha tarakilishi na simu yake, humaliza bando. Si ajabu kwamba wengi huifunga. Historia, hata hivyo, inatahadharisha.

Mwezi Agosti mwaka 2003, kirusi kilichoitwa Blaster kilienea katika tarakilishi za Windows XP na Windows 2000 na kuzifanya zijizime na kujiwasha zenyewe. Kiraka cha kuziba pengo kilichotumiwa na kirusi hicho kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Julai. Kirusi cha Conficker kilipotokea mwezi Novemba mwaka 2008, kiraka kilikuwa kimetolewa mwezi Oktoba. WannaCry ilipofunga mafaili ya watu na kudai kikombozi mwezi Mei mwaka 2017, kiraka kilikuwa kimetolewa mwezi Machi. Katika matukio yote matatu, waathiriwa wengi walikuwa na tarakilishi zisizosasishwa.

Conficker ina funzo la pekee. Mojawapo ya hatua zake za kwanza baada ya kuingia ilikuwa kuzima huduma: ya masasisho, ya kinga ya Windows Defender, na ya kuripoti hitilafu. Mchezaji anayezifunga huduma hizo kwa hiari yake anaifanyia tarakilishi jambo lile lile ambalo adui huanza nalo. Huko ni kukata pua kuunga wajihi.

Hata hivyo, upande wa pili wa hoja nao una uzito. Mwaka 2021 kasoro kubwa iligunduliwa katika Print Spooler, na kabla ya viraka kukamilika Microsoft yenyewe ilishauri huduma hiyo izimwe pale isipohitajika. Kila huduma inayoendelea ni mlango. Mlango usiotumika ni afadhali ufungwe. Kuzima huduma si kosa wala si sifa. Kosa ni kuzima bila kujua.

Kwa masasisho, zipo njia zisizolazimu kufunga huduma. Windows 10 na Windows 11 humruhusu mtumiaji kuahirisha masasisho kwa hadi wiki 5, kutaja saa ambazo tarakilishi isiwashwe upya, na kuutambulisha mtandao kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo ili upakuaji upunguzwe. Njia hizi huokoa bando na kulinda mchezo bila kuuacha mlango wazi.

7.0 Utaratibu wa Kuzima

Hatua zifuatazo zinapendekezwa kwa anayetaka kuzima huduma kwa uangalifu.

Kwanza, apime kabla ya kugusa chochote. Programu ya Steam, mathalani, ina kihesabu cha fremu. Acheze sehemu ile ile ya mchezo mara tatu na kuandika wastani pamoja na kiwango cha chini kabisa. Wastani pekee hudanganya, kwa kuwa huficha mikwamo.

Pili, atafute rasilimali iliyo haba. Kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha matumizi ya kichakataji, kumbukumbu, diski na mtandao. Ikiwa mchezo unakwama ilhali diski imefikia asilimia 100, mchakato unaoongoza kwa kutumia diski ndio mshukiwa. Ikiwa kinachofikia kikomo ni kadi ya michoro, hakuna huduma itakayosaidia. Hapo ni afadhali kupunguza ukubwa wa picha. Kushuka kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 hupunguza idadi ya pikseli kwa zaidi ya nusu.

Tatu, aanze na programu zinazojianzisha zenyewe, zinazoonekana katika dirisha hilo hilo. Kisha aingie msconfig, ambamo mna kisanduku cha kuficha huduma zote za Microsoft. Kinachobaki ni huduma za wengine, na humo ndimo mwenye faida nyingi na hatari chache.

Nne, kabla ya kugusa huduma za Microsoft, aunde nukta ya kurejesha mfumo, na aandike kwenye daftari jina la huduma na hali yake ya awali. Dirisha la huduma hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika services.msc. Kila huduma ina maelezo mafupi ya kazi yake na kichupo kinachoorodhesha huduma zinazoitegemea. Orodha hiyo ikiwa ndefu, aiache.

Tano, abadilishe huduma moja tu kwa wakati, na aiweke kwanza katika hali ya kusubiri kuitwa badala ya kuifunga. Awashe tarakilishi upya, apime tena, na alinganishe na vipimo vya awali. Ikiwa hakuna tofauti, airejeshe ilivyokuwa. Anayezima huduma 15 kwa mpigo hawezi kujua ni ipi iliyomsaidia, wala ni ipi iliyomwangusha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba huduma za usuli si vimelea, wala si takatifu. Ni watumishi walio uani, na kila mmoja ana kazi yake. Katika tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo na diski ya kuzunguka, kumpumzisha mtumishi asiyehitajika huleta nafuu inayopimika. Katika tarakilishi yenye nguvu, nafuu hiyo ni ndogo, na muda wa mwenyewe ungetumika vyema zaidi katika kupunguza programu zinazojianzisha na kurekebisha mipangilio ya michoro.

Pia imebainika kwamba orodha haiwezi kushika nafasi ya maarifa. Orodha hutungwa kwa tarakilishi fulani na kwa wakati fulani. Ikihamishwa bila maelezo, hupoteza ukweli wake. Hapa pana kazi kwa wanafunzi wa Kiswahili. Majina ya huduma yamebaki katika lugha ya watengenezaji, na maelezo yake katika Kiswahili ni haba. Mtumiaji anayesoma maelezo mafupi katika lugha anayoimudu, yakisema huduma hii hufanya kazi gani na nani huitegemea, hatahitaji kuifunga ili kujua ilikuwa ikifanya nini. Maelezo ya namna hiyo, yakiandikwa kwa istilahi sahili na kuhakikiwa na wenye ujuzi wa mitambo, yanaweza kutungwa na jopo dogo la wanafunzi wa Kiswahili na wenzao wa sayansi ya tarakilishi katika chuo chochote.